Mtu akikujibu "OK", amekubali au amesikia tu?

#1 Tajiri wa Kesho
Wakuu, habari za jioni.
Kuna jamaa alikuwa anauza friji, mtumba lakini safi. Nikamwandikia WhatsApp: "Nakupa laki tatu na nusu, kesho saa nne nakuja na kirikuu kuchukua." Akajibu "Ok". Nikalala nikijua nina friji. Asubuhi nafika, friji imeondoka usiku na mtu wa laki nne. Namuuliza, si tulikubaliana? Ananiambia, "Nilikujibu ok, sikukwambia ndiyo." Hapo kirikuu nimeshalipa.
Msimamo wangu: OK ni ndiyo. Ukiiandika umekubali, huna pa kutokea. Mnasemaje? Na kirefu chake hasa ni nini, maana kila mtu ana chake.

#2 Binti Sokoni
Pole kaka, ila bila kianzio hayo yalikuwa maongezi tu. Mimi dukani mteja akitaja bei nikasema "oke", maana yake nimeisikia, endelea kupanda. Nikikubali utaniona nachukua mfuko nafungasha.

#3 Mjeda Mstaafu
Kirefu chake ni cha kijeshi. Zamani vikosi vya Marekani vikirudi kambini viliandika ubaoni idadi ya waliokufa. Siku ambayo hakuna aliyekufa wanaandika sifuri na K, yaani "zero killed". Ndiyo maana ikawa "mambo safi".

#4 Fundi Redio
Afande, mimi nilifundishwa ni ya watu wa telegrafu, wale waliotuma ujumbe kwa waya. Ukipokea ujumbe unapiga O na K, mwenzako upande wa pili anajua umefika. Hata leo kwenye alama za Morse, K peke yake maana yake "haya, tuma".

#5 Karani wa Maktaba
Nyote wawili mnakwamishwa na tarehe. Laini ya telegrafu ya Morse kati ya Washington na Baltimore ilizinduliwa 1844. OK imeshachapishwa kabla ya hapo, tarehe 23 Machi 1839, kwenye gazeti la Boston Morning Post la mjini Boston, Marekani, tena likiwa katika utani. Miaka hiyo waandishi wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno huku wakiyakosea makusudi. "All right" waliiandika "oll wright" wakaifupisha O.W. "All correct", yaani yote sahihi, wakaifanya "oll korrect", ikawa o.k. Vifupisho vingi vya namna hiyo vilikufa, hiki kikabaki.
Aliyeyachimbua haya ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alipekua magazeti ya zamani, akachapisha makala zake mwaka 1963 na 1964.

#6 Kidole Juu
Kwa hiyo dunia nzima inatumia kosa la tahajia la walevi wa Boston 😂😂 Halafu mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa ananichapa kwa kuandika "xawa".

#7 Mwana wa Kisumu
Karani, umeruka siasa. Gazeti moja la utani halitoshi kubeba neno miaka yote hii. Mwaka 1840 Martin Van Buren alikuwa anatetea urais wa Marekani. Kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, mzee wa Kinderhook. Wakaanzisha vilabu vya O.K. Wapinzani nao wakaligeuza: wakasema Andrew Jackson, aliyemtangulia Van Buren, hakujua kuandika, ndiyo maana alitia saini "O.K." kwenye karatasi akidhani anaandika "all correct". Hiyo ya Jackson ni propaganda ya kampeni, lakini neno lilisambaa nchi nzima. Van Buren mwenyewe alipigwa chini na mpinzani wake, Harrison.
Sisi Wakenya tunaelewa vizuri namna slogan ya kampeni inavyobaki mdomoni hata mwenyewe akishindwa.

#8 Karani wa Maktaba
@Mwana wa Kisumu hilo halipingani na langu. Read mwenyewe alisema Boston ilizaa, uchaguzi ukalea.

#9 Ndugu Msemakweli
Mnavyowaamini magazeti! Neno linaonekana gazetini siku mtu mwenye gazeti alipolisikia, siyo siku lilipozaliwa. Baadhi ya watu waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Afrika Magharibi, sehemu ambazo Wawolofu na Wamandinka wanaishi. Kwa Kiwolofu "waw" ni ndiyo, na "waw kay" ni ndiyo ya kukazia. Mtaalamu wa lugha za Afrika, David Dalby, alilisema hili wazi. Watumwa hawakuwa na gazeti Boston la kuandika utani wao.

#10 Karani wa Maktaba
Dalby namfahamu, na hoja ya nani alikuwa na gazeti ina uzito. Shida ni daraja. Tunahitaji maandishi yanayoonyesha "waw kay" ikitumika kama OK kule Marekani kabla ya 1839, halafu ikihama kutoka mashambani kwenda kwa Wazungu wa Boston. Kufanana kwa sauti pekee hakutoshi, maana Wagiriki nao wana "ola kala", yote mazuri, na wanaapa ni lao.

#11 Ndugu Msemakweli
Unataka risiti kutoka kwa mtu aliyekatazwa kusoma.

#12 Shangazi Houston
Jamani, huku Marekani niliko nimesikia lingine. Wachoctaw, wenyeji wa kusini-mashariki mwa nchi hii, wana "okeh", maana yake ndivyo ilivyo. Rais Woodrow Wilson alikuwa anaandika "okeh" kwenye karatasi zake za ofisi, kwa sababu aliamini ndiyo asili. Nami niko karibu na Oklahoma, jimbo ambalo kifupisho chake posta ni OK, na jina lenyewe limetoka Kichoctaw.

#13 Kidole Juu
Shangazi, kwa hiyo Oklahoma ni "Ok, la homa"? Ndiyo nimekubali nina homa?

#14 Shangazi Houston
😂 We mtoto una matatizo. "Okla" ni watu, "homma" ni wekundu. OK ya posta imeangukia hapo tu.

#15 Wakili wa Mtaani
Naona mmempeleka mtoa mada Boston na friji yake haijapatikana. Turudi.
Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inataka ukubali uwe kamili na usio na masharti, na utolewe kwa njia ya kawaida na inayofaa. Kwa hiyo swali la hakimu haliwi "kamusi inasemaje kuhusu OK". Linakuwa: mtu wa kawaida, akiwa kwenye mazungumzo yale, angeielewaje?
Kuna kesi ya Kanada, jimbo la Saskatchewan, iliyoamuliwa 2023. Mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani kwenye simu, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa dole gumba 👍 tu. Msimu ulipofika hakupeleka mzigo, bei ikiwa imepanda. Mahakamani akasema dole lile lilimaanisha "nimepokea, nitasoma". Hakimu akaangalia mikataba yao ya nyuma: huyo huyo mkulima alikuwa akijibu "ok", au "yup", au "looks good", na kila mara mzigo alipeleka. Akaamriwa alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Alikata rufaa, akashindwa tena.

#16 Tajiri wa Kesho
Asante Wakili! Mmeona? Nilisema mimi. Huyu jamaa wa friji naenda naye mpaka mwisho.

#17 Wakili wa Mtaani
Taratibu mkuu. Mkulima yule alikuwa na historia ya "ok" zilizozaa mizigo. Wewe na muuza friji mna historia gani? Mmekutana mtandaoni siku hiyo hiyo. Na ujumbe wako ulikuwa na vitu viwili, bei na saa ya kuja. Atasema "ok" yake ilijibu hiyo saa nne.

#18 Binti Sokoni
Wakili amenisemea. Angekuuliza "unakuja kweli?" halafu akutumie namba ya lipa, hapo ndiyo biashara imesimama.

#19 Mama Pacha
Mimi hii kitu inanitesa kwa boda wa watoto. Namwandikia, "Kesho watoto wanatoka saa saba, siyo saa tisa." Anajibu "ok mama". Kesho yake saa tisa ndiyo anatokea. Sasa hivi simwandikii maelezo, namuuliza: "Kesho unawachukua saa ngapi?" Mpaka aandike saa saba kwa mkono wake. Na bado.

#20 Mrusha Tai
Mama Pacha bila kujua umeeleza utaratibu wa anga. Kwenye redio maagizo muhimu yanarudiwa neno kwa neno, wala OK haimo katika lugha rasmi. Kuna "roger", nimepokea ujumbe wako wote. Kuna "wilco", nimeelewa na nitafanya. Kuna "affirm", ndiyo. Vitu vitatu tofauti, na OK ya mtaani inavibeba vyote kwa mpigo.
Mfano unaofundishwa ni Tenerife, Visiwa vya Canary, 27 Machi 1977. Ukungu umefunga, Boeing 747 mbili, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, ziko kwenye njia moja ya kurukia. Rubani msaidizi wa KLM anatangaza kwamba sasa wako "at take-off", yaani kwenye kuruka. Mnara wa kuongozea ndege unajibu "OK", unanyamaza kidogo, ndipo unaendelea kwamba wasubiri wataitwa. Sekunde hizo hizo Pan Am nao wanaongea kusema bado wako njiani. Sauti mbili zikagongana, kwa KLM kikaingia kilio cha redio. Kilichosikika vizuri kule ndani ni ile "OK". Ndege zikagongana, wakafa watu 583.

#21 Tajiri wa Kesho
Duh. Yaani neno moja.

#22 Fundi Redio
Hapana, @Tajiri wa Kesho usiondoke na hilo. Ile KLM ilikuwa imeshaanza kukimbia kabla mnara haujasema OK. Nahodha alianza kuondoka wakati msaidizi wake bado anasoma maelezo ya njia. OK haikuwarusha, ilishindwa kuwasimamisha. Na ilikuwepo ukungu, redio kugongana, uwanja uliojaa ndege zilizofukuzwa na bomu lililolipuka uwanja wa Gran Canaria, kisiwa jirani, na wahudumu wa KLM waliokuwa wanakaribia kuisha saa zao za kazi.

#23 Mrusha Tai
Sijasema OK iliendesha ndege. Nimesema mtu aliyekuwa na haraka alisikia alichotaka kusikia, na mnara ulimpa neno linalomruhusu. Baada ya hapo "take-off" ikawekwa akiba: inatamkwa pale ruhusa inapotolewa au inapofutwa, sehemu nyingine zote ni "departure", yaani kuondoka. Hilo si bahati mbaya.

#24 Kasa wa Nungwi
Assalaam aleikum. Mimi napeleka wageni chini ya bahari huku Unguja, kwetu OK ni ya mkono: kidole gumba na cha shahada vinakutana vinafanya duara. Dole gumba juu kwetu si "safi". Ni "napanda juu".
Sasa mgeni wa mara ya kwanza humwambii akaelewa. Kuna mmoja nilimshusha, hatujakaa, kapita kasa mkubwa mbele yake. Bwana yule kafurahi, macho yanataka kutoka kwenye miwani, ananipa dole gumba, tena yote mawili! Kwetu hiyo ni amri, huulizi sababu. Nikamshika koti la hewa, taratibu mpaka juu. Anavua kirungu cha hewa mdomoni ananiuliza, "Mbona tumetoka?" Kasa kashakwenda zake.
La pili, chini kule OK ni swali na ni jibu. Namwonesha duara, maana yake u mzima? Ananirudishia duara. Yule anayenijibu mbiombio kabla hata hajanitazama, huyo ndiye namsogelea nikasome geji ya mtungi wake mwenyewe. Mara nyingi ana jambo.

#25 Mama Pacha
@Kasa wa Nungwi 😂😂 kasa wa watu. Hata boda wangu anajibu kabla hajasoma, nimeelewa sasa.

#26 Mwana wa Kisumu
Huo mkono wa duara nao uwe mwangalifu nao. Brazil ni tusi zito. Ufaransa wanaweza kukuelewa umesema sifuri, kitu cha bure. Japani ni pesa. Na Marekani kuanzia 2017 vijana wa mtandaoni waliusambaza kwa mzaha kwamba ni alama ya wabaguzi weupe, mpaka wabaguzi wenyewe wakauchukua kweli.

#27 Mjeda Mstaafu
Bado sijajibiwa kuhusu zero killed.

#28 Karani wa Maktaba
Afande, wanaoipenda hadithi hiyo wengi huiweka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Vilianza 1861. Miaka ishirini na ushee baada ya Boston.

#29 Mjeda Mstaafu
Sawa. Lakini ni nzuri kuliko yako.

#30 Dada wa Ofisini
Nyinyi mnajadili maana, mimi natishwa na nukta. Bosi akiandika "Ok" naendelea na kazi. Akiandika "Ok." nafungua ripoti naisoma upya ukurasa wa kwanza. Akiandika "K" naanza kutafuta namba ya HR.

#31 Kidole Juu
Baba yangu anajibu "OK" kila kitu, herufi kubwa. "Baba nimefaulu." OK. "Baba simu imeibiwa." OK. Shangazi aliandika kwenye grupu la familia kwamba babu amelazwa, baba akajibu OK, ukazuka ugomvi mpaka vikao vikaitishwa. Mzee anashangaa: "Nimewajulisha kwamba nimesoma, mlitaka nini?"

#32 Shangazi Houston
Hilo ni la rika kabisa. Wazee wetu walilipa SMS kwa kila ujumbe, maneno hayakuwa ya kuchezea.
Halafu kuna OK ya sifa nayo msiisahau. "Niko oke" ni mzima. Lakini "chakula kilikuwa oke" mwambie mama mkwe wako uone. Hapo imeshuka kutoka "yote sahihi" mpaka "kinalika".

#33 Mwana wa Kisumu
Na ile ndefu, "okeeey…", macho yametoka pembeni. Hiyo ni "endelea kudanganya nakusikiliza".

#34 Mtunza Kompyuta
Kuna OK moja mnaibonyeza kila siku hamjaitaja, ya kwenye skrini. Apple walipokuwa wanatengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka 1983, kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Walipoijaribu kwa watu wa kawaida, baadhi wakawa wanasita. Kumbe maandishi yalikaa karibu karibu, wanasoma "dolt", ambalo kwa Kiingereza ni mjinga. Mtu anajiuliza kompyuta inamtukana kwa nini. Wakaweka OK.
Na angalieni, hata pale si ndiyo wala si nimesikia. Kompyuta inakwambia "faili limeharibika", chini kuna OK peke yake. Umekubali nini hapo? Huna njia nyingine.

#35 Ndugu Msemakweli
Hiyo ndiyo OK ya mnyonge. Mimi nayo ndiyo naiona kwenye ile ya watumwa. Unamjibu bwana neno ambalo yeye anasikia ndiyo, moyoni wewe umesema nimekusikia.

#36 Karani wa Maktaba
Hiyo ni nzuri kuifikiria, ila bado haina maandishi.

#37 Ndugu Msemakweli
OK.

#38 Dada wa Ofisini
Hiyo ina nukta 🙆🏾‍♀️

#39 Mkwezi Pemba
Simu yangu nimeiweka Kiswahili. Pale penye OK pameandikwa "Sawa", na penye kukataa pameandikwa "Ghairi". Hiyo Sawa naona imerithi ugonjwa ule ule. Ukimwambia mtu "naja kesho", akisema sawa, bado hujui kama atakuwepo. Kwetu mtu akikubali anasema "haya, njoo", au anakutajia wakati. Akisema "inshaallah" peke yake, nenda kwa tahadhari.

#40 Binti Sokoni
Hapo kwenye Ghairi ndipo mimi hushangaa. Siku za kwanza nilikuwa nabonyeza kwa kubahatisha. Huku Dar mtu anasema amefuta, au amesitisha.

#41 Mkwezi Pemba
Kughairi ni kubadili nia, binti. Ulitaka kusafiri, umeghairi. Yule bwana wa friji kaghairi, kwa Kiswahili fasaha kabisa.

#42 Wakili wa Mtaani
Akighairi kabla hajakubali hana kosa. Akighairi baada ya kukubali, ana kesi. Tajiri, una skrinshoti ya mazungumzo yote au hiyo "Ok" tu? Maana kama kabla yake kulikuwa na "nipe laki tatu na nusu nakuachia", mambo yanabadilika.

#43 Tajiri wa Kesho
Ninayo yote. Juu yake aliandika "bei ya mwisho nne, labda tatu na nusu ukija mapema".

#44 Binti Sokoni
Saa nne asubuhi ndiyo mapema?

#45 Kasa wa Nungwi
Saa nne mimi nimeshatoka kuzama mara ya kwanza.